Hesabu za Jumapili ya Pasaka

Gerezani
12 Februari 2024

Mdogo wangu Mideva,

Nakusalimu wewe na Mama, nikiomba barua hii iwakute mmeshachota maji kabla bomba la mtaani halijakauka. Mimi nipo. Kifua kilichonisumbua Disemba kimeniachilia. Wamenitoa jikoni wakanipa kufundisha kompyuta: mashine mbili kuukuu kwa wanafunzi kumi na tisa. Mmoja wao alifungwa kwa kuiba simu, na kwa kuzifungua amenipita mbali.

Mama yu hali gani? Mguu umepona? Tangu Septemba sijamwona kwenye dirisha la wageni. Simlaumu. Kutoka Makongeni hadi huku ni safari, na akifika anakaguliwa kama ndiye aliyefungwa. Mwambie tu kwamba namngoja.

Sasa jambo lenyewe. Barua hii imeletwa na Pasta Owiti, anayetuhubiria kila Jumanne. Askari hawajaisoma, na jibu lako litapita mkononi mwake vivyo hivyo. Kwa hivyo naandika wazi kwa mara ya kwanza.

Mwezi wa nne moto utatimiza miaka miwili. Nilimwambia hakimu nilikuwa peke yangu pale kazini, nikitumia mashine za kampuni kuchimba sarafu za mtandaoni siku ya mapumziko. Aliniamini upesi. Kijana wa mitaa yetu ya Eastlands akijiita mwizi, nani atamdai ushahidi? Akanipa miaka tisa kwa kifo cha Makau, mlinzi wetu wa getini. Hilo nililichagua mwenyewe na silirudii.

Lakini kuna kitu kinanikosesha raha. Nilikuacha ndani na mashine mbili, hesabu zako zikienda, nikatoka kwenda soko la Burma kutununulia nyama. Ilikuwa Pasaka, foleni ndefu. Niliporudi moshi ulikuwa ukitoka dirishani. Wewe ulikuwa nje, kadi yangu ya mlango mkononi mwako. Makau alikuwa ndani. Nilikunyang'anya kadi, nikakwambia, "Nenda nyumbani, wewe hukuja hapa," kisha nikafungua.

Ulijua yuko ndani?

Nijibu hilo moja, nami sitakuuliza lingine.

Kaka yako,
Griffins


Makongeni
30 Machi 2024

Kwa kaka Griffins,

Barua imefika, na tumefurahi kusikia kifua kimepoa. Mama anaendelea. Mguu huvimba akisimama sana, lakini Jumapili haachi kwenda kanisa la Friends na wenzake. Jirani yetu Sally amejifungua msichana. Nyumba zetu za reli zimepigwa alama nyekundu tena, eti tutahamishwa. Mama ameisugua ya kwetu kwa sabuni, ikatoka nusu.

Masomo yanaenda. Zamani uliniuliza ninachofanya hasa, nami nikakujibu kwa haraka. Nitakueleza sasa. Ndani ya DNA kuna besi nne, na mimi nashughulika na moja inayoitwa timini. Jua likiipiga, ule mwanga wa urujuanimno ambao macho hayauoni huipa nguvu ya ghafla, na nguvu hiyo lazima itoke. Mara nyingi hutoka kama joto, kwa muda mfupi kupita tunavyoweza kuwaza, na timini hurudi kutulia bila kudhurika. Mara chache hukwama njiani. Ikikwama inaweza kuungana na jirani yake, na hapo ndipo vinasaba huharibika.

Kinachonihusu ni kile kinachoizunguka, yaani kiyeyushi kinachoibeba. Ikiwa ndani ya maji, hukwama kidogo sana. Ukiiweka katika kiyeyushi kingine, hukwama zaidi. Kwa nini? Watu wa leza hupima kwa nje, lakini kinachotokea ndani lazima kikokotolewe. Kila atomu inafuatwa hatua kwa hatua, mwendo mmoja baada ya mwingine, maelfu, na kila mara kiyeyushi kinaivuta huku na huku. Kompyuta ya kawaida ingechukua miaka. Ndiyo maana nilihitaji mashine za picha kama zile za kampuni yenu, zinazopiga hesabu maelfu kwa mpigo.

Profesa Wakoli anasema kazi yangu ina mwelekeo mzuri.

Pasta anasubiri mlangoni na ana haraka. Swali lako nimelisoma. Nitalijibu nikitulia.

Mideva


Gerezani
23 Aprili 2024

Mideva, mtoto wa mama,

Salamu kwenu nyote, na hongera kwa Sally. Huku mvua inaingia kwenye chumba cha kompyuta, tunazifunika mashine kwa magunia na kufundishana kwa mdomo.

Lile fungu la timini niliwasomea wanafunzi wangu. Yule wa simu akauliza, "Mwalimu, si basi ikae tu kwa maji?" Nikamwambia ndivyo ilivyo mwilini, ina maji pande zote. Akasema, "Basi Mungu alijipanga." Tulicheka. Kwa dakika chache nilikuwa na dada tena.

Lakini hukunijibu.

Acha nikueleze ambalo sijakwambia. Mke wa Makau huja kuniona. Anaitwa Nthoki, anakaa Kware, ghorofa ya sita, anafua nguo za watu. Alianza kuja mwaka jana. Mara ya kwanza nilidhani amekuja kunitukana. Alikaa tu akauliza kama nakula. Mara ya pili akasema, "Wewe ndiye ulikuwa naye. Mume wangu alisema nini mwisho?" Nikasema sikumbuki. Mara ya tatu akasema walimwonyesha maiti hospitalini, na kucha nne zilikuwa zimeng'oka. "Alikuwa anakwaruza nini?" akaniuliza.

Mimi ndiye niliyemkuta, Mideva. Alikuwa ameanguka nyuma ya mlango kabisa. Niliusukuma kwa bega ndipo ukafunguka, na makovu ya mikono yangu ni ya pale. Mlango ule ni wa chuma. Mtu akiupiga kwa ndani, aliye nje anasikia.

Tena niliacha mashine mbili zikiwaka. Polisi walikuta nne.

Kila mwezi Nthoki anakuja, na kila mwezi namdanganya mjane kwa ajili yako. Angalau nijue ninachokificha.

Griffins


Makongeni
21 Julai 2024

Kaka Griffins,

Nimechelewa kwa sababu ya maandamano. Wiki kadhaa mtu hangeweza kwenda popote, na Pasta mwenyewe hakupita. Moshi wa vitoza machozi uliingia hadi nyumbani, Mama akaziba mlango kwa matambara yaliyoloa maji. Tuko salama lakini.

Nina habari njema. Makala yangu imekubaliwa katika jarida la nje. Jina langu limetangulia, la Profesa Wakoli linafuata. Mama alipoambiwa aliimba jioni nzima, na majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi.

Swali lako. Sikujua yuko ndani. Nilisikia vitu vinapasuka tu. Mashine mbili au nne, sikumbuki, ni miaka miwili sasa. Umeuliza, nimejibu.

Na huyo mama wa Kware usimzoee. Mtu anayemtembelea aliyemwulia mume ana jambo lake. Mkatalie asije. Una haki ya kumkatalia mgeni, nimeuliza.

Mama anakusalimu.

Mideva


Gerezani
6 Agosti 2024

Mideva,

Natumaini mmeamka vyema. Mimi nimekonda kidogo, chakula kimepungua, lakini sina ugonjwa.

Makala nimeiona. Pasta alimwomba kijana wa kanisani aichapishe, akaniletea kurasa kumi na moja. Mengi sikuyaelewa. Nimeelewa picha: timini katikati, na molekuli za maji zimeishika pembeni, ukizihesabu ni tano. Nimeelewa kwamba ule mkono wa maji ndio unaiondolea njia ya kukwama. Ni kazi nzuri. Nasema kweli, niliiangalia nikajivunia.

Kisha nikafika mwisho, mahali pa shukrani. Umemshukuru Profesa Wakoli. Umemshukuru Mama. Umewashukuru wenye kompyuta kubwa ya huko ng'ambo. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari nikitafuta hata herufi moja, G tu, mtu asingejua. Hakuna.

Hilo nalo nalimeza. Lakini jibu lako siwezi kulimeza. Mlango ule hufunguliwa kwa kadi, uwe nje au uwe ndani. Siku hiyo kulikuwa na kadi moja, yangu, na nilikuachia wewe. Makau alikuwa mlinzi wa getini. Hakuwahi kupewa kadi. Basi aliingiaje?

Hakuna mwingine wa kumfungulia. Ulimfungulia wewe, na ukatoka, na ukasimama nje na kadi.

Usiniandikie tena kwamba hukujua. Andika kweli au unyamaze.

Griffins


Makongeni
2 Novemba 2024

Griffins,

Sote ni wazima.

Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamifu Uswidi, kazi ileile ya besi na viyeyushi. Nitaondoka mapema mwakani.

Nimenyamaza kama ulivyotaka.

Mama anakusalimu sana.

Mideva


Gerezani
1 Disemba 2024

Mideva,

Hongera ya Uswidi. Baba angekuwa hai angezunguka nyumba zote za reli akitangaza, mlango kwa mlango, na kofia yake ya kazi kichwani.

Mama hajanisalimu. Nilimtuma Pasta Owiti amwulize ana kwa ana kama ana neno kwangu. Pasta ni mtu asiyejua kusema uongo. Alirudi akaangalia chini, akasema, "Mama alisema hana la kusema." Kwa hivyo zile salamu zote umekuwa ukizitunga mwenyewe. Uzipunguze, hazifanani naye.

Najua ananichukia. Anadhani niliua mtu kwa ajili ya tamaa ya sarafu, mimi niliyelelewa Friends. Nilimwacha aamini hivyo ili asijue ni wewe. Nilifikiri moyo wake ungepasuka. Miaka miwili na zaidi nimebeba chuki ya mama yangu mzazi ili wewe uendelee kula meza moja naye. Na wewe unashindwa kunipa sentensi moja ya kweli.

Sasa sikia. Krismasi ikipita bila jibu, nitamwandikia Mama mwenyewe. Nitamweleza nani aliwasha mashine na nani alishika kadi. Aamue ni mtoto yupi wa kutosalimia.

Kaka yako bado,
Griffins


Makongeni
11 Januari 2025

Griffins,

Mwaka umetufungukia salama. Mama ni mzima. Salamu zimekwisha.

Huna haja ya kumwandikia Mama. Mama anajua. Alijua kabla hujafikishwa mahakamani.

Nilimwambia Jumatatu ya Pasaka, mchana, akiwa amekaa mlangoni anachambua mrenda. Nilimwambia yote. Hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka karai likajaa. Kisha akasema, "Nina watoto wawili. Mmoja ameshashikwa. Wewe ukienda kusema, unadhani watamwachilia? Watawaweka wote wawili." Nikamwambia, "Lakini Griffins hakufanya kitu." Akasema, "Griffins ni mwanamume, atavumilia. Wewe una shule." Kisha akaniambia nisimtajie tena jambo hilo maisha yake yote.

Yeye ndiye aliyefua nguo zangu mpaka harufu ya moshi ikatoka. Yeye ndiye aliyenikataza kuja mahakamani. Na unajua kwa nini aliacha kuja huko? Septemba ile ulimwuliza, "Mideva anasoma vizuri?" Alirudi nyumbani akasema hawezi tena kukaa mbele yako. Hakuchukii. Anakuona haya. Umemkinga miaka yote hii mtu aliyekuuza.

Umeumia? Ulitaka kweli. Sasa ule mlango.

Uliniambia nitumie mashine mbili kwa sababu ya waya. Ulipotoka tu niliwasha nyingine mbili kwenye ekstensheni ileile. Kazi ilikuwa imechukua siku kumi na moja na nilitakiwa kumpelekea Profesa Wakoli majibu Jumanne. Ekstensheni ikaanza kuyeyuka nyuma ya meza. Makau aliona moshi, akaja kugonga. Ndiyo, nilimfungulia. Aliingia na mtungi wa kuzimia moto, akasema, "Dada, wewe toka, mimi nitashughulika." Yule mjane akitaka kujua, alisema kwa upole.

Sikutoka mara moja. Nilifungua mashine ya kwanza nikachomoa diski. Kisha nikatoka, na mlango ukajifunga nyuma yangu. Nilisikia mtungi ukikoroma tu, haukuwa na kitu ndani. Baada ya muda akaanza kugonga. Akaita, "Dada, kadi!" Aliita mara nyingi. Kadi nilikuwa nimeishika.

Mtu mwingine angekwambia aliganda kwa hofu. Mimi sikuganda. Nilifikiri vizuri kuliko siku zote. Niliona kwamba nikifungua, hewa itaingia, na moto utafika kwenye mashine tatu zilizobaki. Zilikuwa zinahitaji saa nne tu zimalize. Nilisema moyoni, atauzima, yuko ndani, ni kazi yake. Halafu akaacha kuita. Nilisogeza sikio mlangoni nisikilize kama feni za mashine bado zinazunguka. Hilo ndilo nililokuwa nasikiliza ulipotokea na mfuko wako wa nyama.

Nikuongezee na ambalo hukuuliza. Diski ile haikuwa na faida yoyote. Profesa Wakoli aliiangalia kwa dakika tano. "Maji umeyafanya kitu kimoja laini kinachoizunguka timini," akasema. "Hakuna molekuli hata moja inayoishika. Ndiyo maana kwako inakwama ovyo. Rudia, uweke maji yenyewe, moja moja." Tulitupa kila kitu. Zile hesabu za kwenye makala ni nyingine kabisa, zilifanywa ng'ambo. Hakuna hata namba moja ya Pasaka iliyomo.

Na usisubiri nikushukuru. Sikukuomba unichukulie kosa. Tangu Baba afe umekuwa ukinibeba mbele za watu ili wauone mgongo wako. Nikiingia shule ya upili, ni Griffins. Nikiingia chuo, ni Griffins. Hata mtu akifa, ni Griffins. Ulifika pale ukaninyang'anya kadi hata hukuniuliza. Pengine ningesema mwenyewe. Hukuniachia nafasi ya kujua.

Nasafiri tarehe 24 Februari. Ukishasoma, choma. Sina wasiwasi. Najua utaichoma, kwa sababu wewe ndivyo ulivyo.

Mideva Luseno


Gerezani
9 Machi 2025

Mideva,

Pasta Owiti ameniambia uko mahabusu ya wanawake na wamekulaza karibu na choo. Omba kuhamishwa upande wa ukuta, mwombe mkubwa wa chumba na si askari. Sabuni usiigawe wiki ya kwanza. Ukilia, lia wakati wa kuoga. Mimi hakuna aliyenifundisha hayo.

Unataka kujua ilikuwaje, na nitakueleza, kwa kuwa mtu anayeuliza na asijibiwe namjua hali yake.

Barua yako nilikaa nayo siku nne chini ya godoro. Siku ya kwanza niliitoa niichome, kiberiti ninacho. Nilikuwa naenda kuichoma, Mideva. Ulinijua vizuri. Nikasoma tena pale uliposema hukuwa na wasiwasi, nikairudisha chini ya godoro. Siku ya nne ilikuwa siku ya wageni, na Nthoki akaja.

Niliomba ruhusa, askari akampitishia karatasi. Anasoma polepole, kidole chini ya maneno. Alipofika pa "Dada, kadi" alirudi nyuma akaanza fungu upya, kama mtu aliyedhani amesoma vibaya. Alipomaliza hakupiga kelele.

"Huyu ni dada yako wa damu?"

"Ndiyo."

"Na mama yenu anajua?"

"Anajua."

"Na wewe ulikuwa umeenda kununua nyama."

"Ndiyo."

Akasema, "Nimekuchukia bure. Nilikuwa nakuja hapa nikuangalie ukizeeka." Sikujua hilo. Nilidhani alikuwa akija kwa huruma. Akaikunja barua ndogo, akaitia kifuani, akaniuliza, "Niende nayo polisi?"

Ningeweza kukataa. Alikuwa ananingoja, mkono kifuani. Nilifikiria Uswidi, nikafikiria Mama atakavyobaki na kuta za nyumba ya reli peke yake. Nikamwambia, "Nenda nayo."

Mengine unayajua kuliko mimi. Nimesikia polisi walikuja siku mbili kabla ya safari yako, mkiwa mnafunga sanduku, na kwamba ulikana mwandiko mpaka walipofungua daftari lako la hesabu wakalilinganisha. Usidhani nimepona kwa hilo. Wakili wa msaada amekuja akasema huenda nisitoke, kwa kuwa nilimdanganya hakimu kwa kiapo, na hilo nalo lina kifungo chake. Huenda tukakaa ndani wote wawili, kama Mama alivyokwambia.

Nthoki hatakuja tena. Alimtuma Pasta aniambie amemaliza.

Lakini Mama amekuja. Alhamisi iliyopita, baada ya mwaka mmoja na nusu. Nilimkuta ameshakaa kwenye dirisha, mkoba magotini. Amezeeka shingo. Nilidhani ataanza kwa kulia, nikatayarisha maneno ya kumtuliza, unanijua. Hakuuliza kama nakula. Aliinama karibu na kioo akasema:

"Waambie wewe ndiye uliyeiandika ile barua."

"Mama?"

"Mwandiko wenu unakaribiana. Baba yenu ndiye aliyewafundisha kuandika. Sema uliiandika kwa wivu, kwa sababu anasafiri. Wewe uko ndani tayari, hawatakuongezea kitu."

"Kwa hivyo ni kweli ulijua."

"Ndege imemwacha, Griffins, lakini shule yake imesema itamngojea mpaka Septemba. Waambie."

"Ulijua wakati nahukumiwa, ulikuwa umekaa nyuma yangu, na ulijua."

Aliangalia mkoba wake. "Nina mtoto mmoja wa kwenda mbele," akasema. "Mmoja tu. Usinimalizie."

Nilikuwa na maneno, Mideva. Nimekuwa nayo tangu siku ile waliponifunga pingu, nilikuwa nimeyapanga kwa mfuatano. Nikasimama, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Muda wa wageni umekwisha, Mama. Shika njia mapema, mvua inakuja."

Aliniamini. Alikusanya mkoba wake, akaondoka akichechemea, na hakugeuka. Nyuma ya askari kuna saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Nilikaa tena kwenye kiti, mbele ya kioo kisicho na mtu, mpaka zikaisha zote.

Mimi,
Griffins